Saa yake inamsifu, yangu inanisuta

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 46 na ninapenda kukimbia. Njia yangu ya kawaida ina milima, na mara nyingi natoka jua likiwa bado kali kwa sababu huo ndio muda ninaoupata. Mara mojamoja naenda kwenye uwanja wa riadha wenye mzunguko wa mita 400, nazunguka mara kumi na mbili na nusu. Mara ya mwisho kilomita hizo 5 nilizimaliza kwa dakika 32, na nilipofika mwisho nilikuwa naongea vizuri tu na wenzangu.

Watoto wetu walichangishana wakatununulia saa janja, mimi na baba yao, kila mmoja aina yake. Balaa lilianzia hapo. Saa yangu inasema VO2 max yangu, yaani uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ni 29, inanipaka rangi ya chungwa na kuniambia niko chini ya wastani. Saa ya Baba Neema imempa 41, rangi ya kijani, na juu yake ikamwongezea kwamba umri wa mwili wake ni miaka 38. Mwalimu, huyu mtu ana miaka 52, na mazoezi yake ni kutoka kwenye kochi kwenda kwenye gari. Ana presha na anatumia dawa, ile ambayo daktari alimweleza kwamba inatuliza mapigo ya moyo. Tukipanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu husimama njiani akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu, kumbe anahema.

Sasa kila nikivaa raba ananiuliza, "Unakimbilia wapi, na mwenye afya amekaa hapa?" Nikimwomba tutembee jioni ananyoosha mkono kunionyesha ile rangi ya kijani. Usiku saa ikimwambia amechoma kalori 2,800, anaongeza sahani.

Mimi kwa hasira nimeacha kupumzika, nakimbia kila siku. Magoti yanauma, nachoka hata kazini, na namba imeshuka hadi 28. Kitu kingine kinachonitatiza ni kwamba nikianza tu kukimbia, hata dakika mbili hazijaisha, saa inaonyesha mapigo 170 na kitu, wakati hata jasho sijatoka.

Saa ipi inasema kweli? Au ninunue nyingine ya bei ya juu?

Mama Neema (si jina langu halisi)

*

Marahaba, Mama Neema.

Saa zote mbili zimekosea, na kwa ninavyoisoma barua yako zimekosea kwa kuelekea pande tofauti. Wewe umepunjwa, mwenzako amependelewa. Ushahidi umeuandika mwenyewe.

Nianze na ule uwanja, kwa sababu uwanja hauna milima na mita zake zimepimwa. Mita 5,000 kwa dakika 32 ni mita 156 kwa dakika. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kina kanuni ambayo walimu wa mazoezi tumeitumia miaka mingi: kwenye ardhi tambarare, zidisha mwendo huo wa kukimbia kwa 0.2, kisha jumlisha 3.5, ambayo ni oksijeni ambayo mwili hutumia hata ukiwa umekaa tu. Kwako inakuja kama 35. Maana yake ni kwamba ili mwili wako uende kwa kasi ile, unahitaji mililita 35 hivi za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wako, kila dakika.

VO2 max ndiyo kilele cha hesabu hiyohiyo, yaani oksijeni nyingi kuliko zote ambayo mwili wako unaweza kuitumia ukiwa umejituma hadi basi. Sasa niambie, mtu ambaye kilele chake ni 29 anawezaje kutumia 35 kwa nusu saa nzima, kisha akapiga soga? Hawezi. Na kwa kuwa hakuna anayekimbia nusu saa akiwa kileleni, kilele chako kiko juu ya hiyo 35. Kanuni yenyewe ni ya wastani, na wapo watu wanaokimbia kwa kubana matumizi kuliko wenzao, lakini pengo kama hilo huwezi kulifukia kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa nini basi saa imekusuta? Kwa sababu saa haijawahi kuipima VO2 max yako hata siku moja. Kipimo chenyewe, ambacho wazo lake lilielezwa mwaka 1923 na Waingereza Archibald Hill na Hartley Lupton, hufanyika maabara. Unavalishwa barakoa inayokusanya hewa unayovuta na unayotoa, unawekwa juu ya mashine ya kukimbilia, kasi au mwinuko unaongezwa kidogo kidogo, na kwa kawaida ndani ya dakika 8 hadi 12 unakuwa umeishiwa kabisa. Saa ya mkononi haijui kitu kuhusu hewa yako. Inachokiona ni mapigo ya moyo na mwendo, kisha inajumlisha umri, jinsia na uzito ulioandika, inakisia. Ni sawa na kukadiria uzito wa mzigo kwa kumtazama mpagazi anavyotweta: mpagazi akiwa mgonjwa, au njia ikiwa ya kupanda, utasema mzigo ni mzito kuliko ulivyo.

Wewe unakimbia mlimani na juani. Mlimani moyo unapiga kwa nguvu huku mwendo ukiwa mdogo. Saa nyingine hujaribu kusahihisha mwinuko, nyingine hazijaribu, na zinazojaribu hazifanikiwi sawasawa. Juani mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, hivyo moyo unaongeza mapigo kwa mwendo uleule ambao asubuhi yenye ubaridi ungeukimbia kwa raha. Saa haioni jua wala haioni mlima kama wewe unavyouona. Inaona mama anayekwenda polepole na moyo unamdunda, basi inaandika 29.

Halafu kuna ile 170 ya dakika za mwanzo. Nikiri kwamba hapo nilicheka, maana ni kosa maarufu sana na wengi hawalijui. Nyuma ya saa yako kuna taa ndogo za kijani. Mwanga huo unaingia kwenye ngozi, damu inaunyonya, na kila pigo la moyo linapoleta damu zaidi, mwanga unaorudi unapungua kidogo. Saa inahesabu mabadiliko hayo. Lakini mkono unapotikisika, damu nayo inatikisika, na saa iliyolegea inaweza kuacha kuhesabu moyo ikaanza kuhesabu hatua. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika. Unaona 170 yako ilikotoka? Siku nyingine ikitokea hivyo, simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 15 uzidishe kwa 4. Ukipata 130 huku saa inasema 172, mwongo umemkamata.

Dawa ya hilo ni nyepesi. Saa ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, imebana kiasi cha kutoteleza unapokimbia, na ukimaliza uilegeze. Ukitaka uhakika zaidi, mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, na mikanda mingi huunganishwa na saa au simu. Kama una fedha ya kununua kitu, nunua huo, si saa nyingine.

Utasikia pia watu wakisema saa hizi haziwafai wenye ngozi nyeusi. Hofu hiyo haikuzuka hewani, kwa kuwa melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, kweli hunyonya mwanga wa kijani. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la npj Digital Medicine uliwapima watu wa rangi mbalimbali za ngozi, na haukukuta tofauti ya maana ya usahihi kati yao. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa ya mwendo: kosa wakati wa kujishughulisha lilizidi lile la wakati wa kupumzika kwa takriban asilimia 30. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni kutikisika.

Kuna jambo moja zaidi linalokupunja, nalo halionekani. Ili saa ijue uko umbali gani na kilele chako, inahitaji kujua moyo wako unaweza kupiga mara ngapi ukifika mwisho. Usipoiambia, inakisia kwa umri. Kanuni ya zamani ya mwaka 1971 inatoa umri kutoka 220, kwako 174. Kanuni ya mwaka 2001, ya kuzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu kutoka 208, inakupa 176. Hizo ni wastani wa kundi zima. Watu wawili wa miaka 46, wote wazima, mmoja anaweza kuishia 162 na mwingine 190, na hakuna mwenye kasoro. Kama wewe ni wa 190, saa ikikuona uko 165 itadhani umebakiza kidogo uanguke, kumbe bado una akiba ya kutosha. Watengenezaji wenyewe wanajua udhaifu huu, ndiyo maana saa nyingi zina mahali pa kuandika kiwango chako cha juu. Ukiwa mzima na umezoea kukimbia, namba ya juu kabisa utakayoisoma kwenye mkanda wa kifuani mwishoni mwa mbio ngumu ndiyo uiandike hapo.

Sasa nije kwa Baba Neema, kwa sababu yake ndiyo inayonisumbua zaidi.

Saa inadhani moyo unaopiga polepole ni moyo wenye nguvu. Kwa kawaida ni kweli: wakimbiaji wa mbio ndefu wengine huwa na mapigo 40 na kitu wakiwa wamepumzika. Lakini dawa za presha za kundi la beta-bloka hushusha mapigo kwa kazi yake ya kikemia, hata kwa mtu ambaye hajatembea kilomita moja mwaka mzima. Saa haijui kuna kidonge. Inaona mtu wa miaka 52 mwenye mapigo, tuseme, 54 amekaa, inamtawaza mwanariadha. Baadhi ya saa huuliza kama unatumia dawa za aina hiyo ili zirekebishe hesabu. Mwambie atafute swali hilo kwenye mipangilio. Na tafadhali, asije akaacha dawa ili "ajipime vizuri". Kuacha beta-bloka ghafla ni hatari, na uamuzi huo ni wa daktari wake peke yake.

Tena kama hafanyi mazoezi, saa yake imeitoa wapi hiyo 41? Bila shaka imekisia kutokana na mapumziko, na hapo ndipo makadirio yanapoyumba zaidi. Mwaka 2022 jarida la Sports Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha saa na maabara. Saa zinazokadiria kutokana na mazoezi, ukichukua wastani wa watu wote, zilikaribia kabisa ukweli. Lakini kwa mtu mmojammoja, kosa lilifika takriban 10 juu au 10 chini. Zile zinazokadiria mtu akiwa amepumzika zilizidisha kwa 2 hivi kwa wastani, na kwa mtu mmoja zingeweza kuzidisha hata kwa 17 au kupunguza kwa 13.

Weka namba zenu humo. Wewe wa 29 unaweza kuwa 38 bila saa kutoka nje ya makosa yake ya kawaida, na mwenzako wa 41 anaweza kuwa 24. Msimamo wote wa ligi yenu ya nyumbani umegeuka. Mtengenezaji akikuambia saa yake ni sahihi kwa wastani, anaweza kuwa anasema kweli tupu, ila wewe si wastani, wewe ni Mama Neema.

Hizo ngazi ndizo za kuangalia. Mtu ambaye kweli ana 41 hatarajiwi kusimama njiani akielekea ghorofa ya tatu kwa mwendo wa kawaida. Mtu mwenye presha anayehema namna hiyo anapaswa kumweleza daktari wake, na amweleze hivyo hivyo, bila kuificha nyuma ya simu. Inaweza kuwa ni kukosa mazoezi tu. Inaweza kuwa dawa inamchosha na kipimo chake kinahitaji kuangaliwa. Inaweza kuwa moyo wenyewe. Akipata maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikata hata akitembea kwenye tambarare, asisubiri siku ya kliniki. Daktari akimruhusu, aanze kutembea, na kipimo cha nguvu kiwe mdomo badala ya mapigo: aende kwa kasi inayomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Kipimo hicho hakidanganywi na dawa kama mapigo yanavyodanganywa.

Kuhusu kalori sina maneno mengi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Zaidi ya hayo, kwenye vifaa vingi ile jumla ya siku ina ndani yake kalori ambazo mtu angezitumia hata akilala kutwa. Sahani ya pili haina hoja.

Wewe sasa. Kwanza, rudi kwenye siku zako za kupumzika, na magoti yakiendelea kuuma yaonyeshe kwa mtaalamu. Hiyo 28 usiiogope, kwa sababu mwili uliochoka hupandisha mapigo kwa mwendo uleule, na saa ikitafsiri hilo inasema umedhoofika. Kadiri unavyokimbia kwa hasira ndivyo inavyozidi kukusuta. Kama baada ya wiki mbili tatu za kupunguza bado unachoka kazini, omba kupimwa wingi wa damu. Upungufu wa damu hushusha VO2 max ya kweli, kwa kuwa chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni, na kwa mama wa umri wako anayeona siku zake kwa wingi si jambo la ajabu.

Pili, ukitaka namba ya kujilinganisha nayo, tumia uwanja wako. Mwaka 1968 daktari Mmarekani Kenneth Cooper alichapisha jaribio la kukimbia dakika 12: unakwenda mbali kadiri unavyoweza, unachukua mita ulizopata, unatoa 504.9, unagawa kwa 44.73. Mita 2,000 zinakupa 33 na ushee, mita 2,400 zinakupa 42. Nalo ni makadirio, na lilitokana na wanaume wa jeshi la anga, hivyo tarakimu yenyewe usiigandie. Faida yake ni kwamba uwanja haubadiliki. Lifanye saa ileile ya siku, pasipo na jua kali, ukiwa umepumzika, kisha rudia baada ya miezi miwili au mitatu. Mita zikiongezeka umeimarika, saa iseme itakavyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha asilifanye bila ruhusa ya daktari, kwa hiyo usimpeleke Baba Neema kwa ubishi.

Tatu, saa usiiuze. Mapigo ya usingizini inayasoma vizuri, kwa sababu mkono umetulia. Yakishuka kidogo kidogo miezi ikipita, ni dalili njema, na yakiruka juu ghafla kwa mapigo kadhaa mara nyingi ni uchovu, usingizi mbovu au homa inayokuja. Hata ile VO2 max, iache iendelee kuandika mchoro wake, uutazame mara moja kwa mwezi. Ikipanda au kushuka kwa 1 au 2 puuza, maana hata maabara ukimpima mtu mmoja siku mbili tofauti majibu hupishana kwa asilimia chache. Ukiona inapanda msimu mzima, kwa saa ileile na njia ileile, hapo ina jambo la kukuambia. Usilinganishe tu namba ya saa yako na ya saa ya mtu mwingine, hasa ya aina nyingine, hasa ya mumeo.

Na kabla hamjaendelea kubishana, fungueni zile programu kwenye simu muangalie taarifa mlizoandika siku ya kwanza. Umri, urefu, jinsia, uzito. Nina shaka kubwa na kilo za Baba Neema.

Mwalimu